Programu nyingi, chipu moja: kwa nini kompyuta nzima inanguruma bila kazi

Mwezi wa tisa ukifika Lubumbashi, vumbi jekundu likiwa hewani na mvua ya kwanza ikiwa bado mbali, kwenye karakana yangu hapa Kamalondo zinaanza kuingia kompyuta za mezani zinazopiga kelele. Nyingi ni zile zenye ubavu wa kioo na taa za rangi, zimenunuliwa mtumba, zikapita mpaka wa Kasumbalesa ndani ya lori au zikaja na mtu kutoka Dubai. Mwenye mashini ameshaambiwa na wawili watatu kwamba feni ni mbovu, au alimantasio (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashini) imechoka, au prosesa inadai pate mpya, yale mafuta mazito ya kupitisha joto. Mara nyingi ni kweli, maana vumbi la huku linaingia kila mahali. Lakini kuna mashini nazifungua nakuta ndani kusafi, feni zote nzima, pate bado laini, na kelele iko palepale.

Hizo ndizo nataka kuziandikia leo, kwa sababu wenye nazo wanatoa dola nyingi kubadilisha vifaa ambavyo havina kosa lolote. Inaniuma kuona mtu ananunua alimantasio mpya, anaifunga, anarudi nyumbani, na mashini inanguruma vilevile. Ugonjwa wa mashini hizo uko kwenye programu zinazoamka pamoja na Windows: moja ya ubao mama, moja ya taa, moja ya feni, moja ya kadi ya grafiki, na nyingine ya kuonyesha joto pembeni ya skrini. Zote zinashika vifaa vilevile kwa wakati mmoja, na hakuna inayojua kwamba mwenzake yupo.

Chukua mashini ya dada mmoja wa Bel-Air anayehariri video za harusi. Aliiingiza karakana siku ya Jumatano akiwa na haraka.

"Yaya, Jumamosi nina harusi mbili za kutoa, na hii kitu inanguruma hata sijafungua chochote."

"Inanguruma mfululizo, au inapanda na kushuka?"

"Inapanda, inashuka, inapanda tena. Na kuna jambo moja sielewi. Umeme ukikatika usiku mashini ikiwa kazini, kesho yake nikiiwasha inatulia vizuri, karibu hadi saa sita mchana. Nikiizima mwenyewe, kesho inaamka na kelele zake."

Maneno hayo ya mwisho yalinisaidia kuliko kifaa chochote cha kupimia. Feni mbovu haiponi kwa umeme kukatika. Pate iliyokauka hailainiki usiku. Kitu kinachopona kwa kukosa umeme ghafla ni kumbukumbu: hali fulani iliyobaki ndani ya chipu au ndani ya draiva (programu inayounganisha Windows na kifaa), ikabebwa kutoka leo hadi kesho.

Tangu Windows 8, ukibonyeza kuzima, kompyuta haizimiki yote. Windows inafunga programu zako, lakini kiini chake, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, na draiva zake inavihifadhi kwenye diski jinsi vilivyo, halafu kesho inavirudisha ili kuwaka kuwe kwa haraka. Kwenye Windows ya Kifaransa tunayoitumia wengi hapa mpangilio huo unaitwa «démarrage rapide». Tena, mashini ikiwa imezimwa lakini waya uko ukutani, alimantasio inaendelea kutoa volti 5 za kusubiri, na chipu zinazoendesha taa zinaweza kubaki na hali yao ya jana. Kwa hiyo draiva iliyochanganyikiwa na kidhibiti cha taa kilichokwama vinaamka pamoja, vikiwa na mkanganyiko uleule. Umeme ukikatika ghafla kazi ikiendelea, vyote viwili vinaanza upya. Ndiyo maana asubuhi ile ilikuwa tulivu.

Nikaiwasha, nikaiacha bila kufungua kitu, nikaweka HWiNFO, programu ya kusoma vihisi, iandike vipimo kwenye faili kila baada ya sekunde 2. Ninajua kwamba kwa kufanya hivyo nimeongeza mkono mwingine kwenye sahani, ila huo ni mkono wenye adabu, na nitaeleza kwa nini. Baadaye nikafungua faili kwenye jedwali. Safu ya feni ya prosesa inasoma 1,184, kisha 1,179, kisha 0, kisha 1,182. Safu ya joto la prosesa kwa mujibu wa chipu ya ubao mama: 43, 43, 127, 44. Na pembeni yake, joto lililosomwa ndani ya prosesa yenyewe: 44, 45, 44, 45.

Tazama mstari wa tatu vizuri. Feni inayozunguka mara elfu moja na mia kwa dakika imesimama kabisa, halafu ndani ya sekunde 2 imerudi kwenye mwendo wake. Kipande kizito cha alumini na shaba kimepanda kutoka nyuzi 43 hadi 127 na kushuka tena hadi 44. Hakuna chuma duniani kinachofanya hivyo. Na sekunde ileile prosesa yenyewe inasema iko nyuzi 44. Hiyo 127 ni namba isiyotoka kwenye joto lolote.

Namba hiyo inazaliwaje? Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Kwenye ubao mama wa kompyuta ya mezani kuna chipu moja ndogo, mara nyingi ya Nuvoton au ya ITE, kampuni mbili za Taiwan. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko ya feni, kusoma vihisi joto na volti, na kuziamrisha feni ziende kasi gani. Ni chipu ya tangu zamani kwa tabia. Rejista zake, yaani vijisanduku vinavyoshika namba, ni nyingi kuliko nafasi ya anwani iliyopewa, kwa hiyo zimegawanywa kwenye kurasa. Kwenye chipu nyingi za Nuvoton, na za Winbond zilizozitangulia, programu inazungumza nayo kupitia milango miwili, kwa kawaida 0x295 na 0x296: kwenye wa kwanza unaandika namba ya rejista unayoitaka, kwenye wa pili unasoma au kuandika thamani yake. Na rejista namba 0x4E ndiyo inayosema uko ukurasa gani.

Kwa hiyo programu inayotaka tu kukuonyesha joto inaanza kwa kuandika. Inaandika «nataka kugeuza ukurasa», inaandika namba ya ukurasa, inaandika namba ya rejista, ndipo inasoma. Hatua nne, na kati ya hatua moja na nyingine Windows ina haki ya kuisimamisha programu hiyo na kumpa zamu mwingine. Sasa fikiria mwingine huyo ni programu ya feni. Inageuza ukurasa kwenda wake, inafanya yake, inaondoka. Ya kwanza inaamka, haina habari kwamba ukurasa umebadilishwa, inasoma rejista ileile kwa namba lakini kwenye ukurasa mwingine. Inapata thamani ya kitu tofauti kabisa na kuiita joto. Hapo ndipo 127 inapozaliwa, na 0 ya feni pia.

Watu wengi hawaliamini hili mpaka nikiwaonyesha. Wanasema: «Hii programu inasoma tu, haigusi kitu.» Kwenye chipu za namna hii hakuna kusoma bila kugusa. Na programu ya feni ikiipata hiyo 127, inafanya kazi yake kwa uaminifu: inapeleka feni zote asilimia 100, kwa sababu imeambiwa prosesa inaungua. Baada ya sekunde chache inasoma 44, inazishusha. Huko ndiko kupanda na kushuka alikokuwa anakusikia yule dada usiku kucha. Hali mbaya zaidi ni pale programu ya feni yenyewe inapokatizwa katikati ya kuandika. Kasi iliyokusudiwa feni inaangukia kwenye ukurasa mwingine, na inaweza kubadilisha mpangilio ambao hakuna aliyekusudia kuubadilisha. Ndipo unakuta feni ya nyuma imesimama na hakuna aliyeisimamisha.

Waandishi wa programu wamelijua tatizo hili kwa miaka mingi, na wenye busara kati yao wamekubaliana dawa. Windows inaruhusu programu kuunda kufuli lenye jina, na kila anayelijua jina hilo anaweza kulisubiri. Kwa chipu za ubao mama jina linalotumika ni «Access_ISABUS.HTP.Method», kwa waya za SMBus, nitakazozieleza chini, ni «Access_SMBUS.HTP.Method», na lipo jingine kwa kidhibiti cha laptopu. HWiNFO inayaheshimu majina hayo, na wenzake wa kusoma vihisi, AIDA64 na LibreHardwareMonitor, pia. Ni sawa na ufunguo wa bafu kwenye parseli yenye wapangaji wengi: anayeuchukua anaingia, wengine wanasubiri hadi autundike msumarini. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha mtu. Mpangaji mmoja akiamua kupita dirishani, ufunguo haumsaidii mtu yeyote, hata wale waliosubiri kwa adabu. Programu kadhaa za makampuni ya vifaa zimeandikwa kana kwamba ziko peke yao kwenye mashini. Hilo ndilo ninalolilaumu waziwazi. Mtu anayeuza ubao mama anajua fika kwamba mteja wake atafunga RAM zenye taa za kampuni nyingine na kadi ya grafiki ya kampuni ya tatu.

Taa za RAM zinastahili onyo la peke yake. Kumbukumbu za RAM zenye taa zinaamrishwa kupitia SMBus, jozi ya waya iliyobuniwa na Intel na Duracell katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya betri zenye akili, ikienda kwa kilohezi 100, mwendo wa pole sana kwa vipimo vya leo. Juu ya waya hizohizo, kwenye anwani 0x50 hadi 0x57, kinakaa kichipu kinachoitwa SPD ndani ya kila moduli ya RAM. Humo ndimo mlimoandikwa ukubwa wa moduli, kasi yake na nyakati zake. BIOS, programu ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows, inaisoma SPD ili ijue jinsi ya kuendesha kumbukumbu. Programu mbili za taa zikigombania waya hizo, unachokiona kwanza ni taa kuganda kwenye rangi moja au moduli mbili kutofautiana. Hilo halina madhara. Madhara yapo pale maandishi yanapoangukia anwani isiyo yake na kuiharibu SPD: moduli inaweza kushindwa kutambuliwa, na mashini ikawaka bila picha. Kwenye BIOS za ubao mama kadhaa kuna mpangilio wa kuzuia kuandika kwenye SPD. Ukiuona umezimwa na hujui ulizimwa kwa nini, uwashe.

Na usidhani ni hofu ya fundi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watumiaji wa Linux wenye ThinkPad za IBM waliendesha programu ya kutafuta vihisi ya lm_sensors, na baadhi ya laptopu zao hazikuwaka tena. Ndani yake kulikuwa na kichipu cha Atmel, AT24RF08, ambacho kilichukulia hatua za uchunguzi za kawaida kuwa ni amri ya kuandika. Data yake ikaharibika, na BIOS ikakataa kuendelea. Watu walikuwa wakitafuta tu kujua joto. Baada ya hapo waandishi wa lm_sensors waliweka kinga, na kiini cha Linux cha leo kinakwenda mbali zaidi: kama BIOS imetangaza kwamba inatumia milango fulani, draiva ya vihisi inakataliwa kuigusa na ujumbe wa mgongano unaandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo. Wanafunzi wa polytechnique, wale wa uhandisi, wananiuliza kama waongeze «acpi_enforce_resources=lax», amri ya kuondoa katazo hilo, ili vihisi vionekane. Ninawaambia wasome kwanza kile wanachokizima: hiyo ni ruhusa ya programu na BIOS kugombana bila refa.

Kadi ya grafiki nitaipita haraka, kwa sababu ugomvi wake ni mwepesi kueleweka. Hapo aliyeandika mwisho ndiye anayetawala. Umeweka mipaka ya umeme na mwendo wa feni kwenye MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ambayo inafanya kazi hata na kadi za makampuni mengine, na wakati huohuo programu ya AMD iliyokuja na draiva ina mipangilio yake ya kuongeza kasi. Kila ikiamka, kila ikitoka usingizini, au draiva ikijianzisha upya, moja inafuta ya mwenzake. Chagua moja, nyingine iache kwenye mipangilio yake ya kiwandani. Basi.

Kuna sura ya pili ya mgongano huu, na tangu mwaka 2025 imenijazia karakana: programu ya feni inayogombana na kinga ya Windows yenyewe. Programu ya kawaida hairuhusiwi kugusa milango ya vifaa. Inahitaji draiva inayokaa ndani ya kiini cha mfumo na kuipitishia maombi. Kwa miaka mingi programu nyingi ndogo na za bure zilitumia draiva moja ileile, WinRing0, kwa sababu ilikuwa wazi, ilikuwa na sahihi inayokubalika, na kupata sahihi mpya kutoka Microsoft ni gharama. Tatizo ni kwamba WinRing0 haichagui. Inaweza kumpa programu yeyote mkono wa kuandika moja kwa moja kwenye milango, kwenye rejista za prosesa na kwenye kumbukumbu. Udhaifu huo uliandikishwa rasmi kama CVE-2020-14979. Mwezi wa tatu 2025 Microsoft Defender ikaanza kuikamata na kuitia karantini. Watumiaji wa Fan Control (ya feni), wa LibreHardwareMonitor, wa OpenRGB (ya taa) wakaamka asubuhi wakakuta onyo jekundu, na wengine feni zao hazitii amri tena.

Wateja wangu wengi walifanya kile walichoambiwa kwenye video: walizima Defender, au waliiruhusu folda nzima. Nawaomba wasifanye hivyo, na hasa hapa. Mji huu flashi inatoka saiber, inapita sekretaria ya kuchapisha, inapita kanisa, inarudi nyumbani, na kila inapopita inaokota kitu. Kirusi kikikuta mashini yenye mlango wa kiini ulioachwa wazi na mlinzi aliyelazwa, hakina haja ya kubisha hodi. Njia iliyopo ni kupakua toleo jipya. LibreHardwareMonitor na Fan Control zimehamia kwenye PawnIO, draiva iliyoundwa kwa fikra nyingine: inaendesha vimoduli vidogo vilivyotiwa sahihi, na kila kimoduli kinaruhusiwa kugusa kile tu kilichoandikiwa. Ukikuta programu yako bado inaleta WinRing0 na mwandishi wake amenyamaza tangu zamani, hiyo achana nayo.

Sasa nirudi kwa ile mashini ya Bel-Air, maana watu watauliza niliifanyaje. Nilianza kwa kuzima ile «démarrage rapide», nikazima mashini, nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwasha mara kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Nilipoiwasha nikaingia «Gestionnaire des tâches», dirisha la Windows la kusimamia programu, na kuzima kila kitu kinachoanza chenyewe, kisha kwenye msconfig, chombo cha Windows cha kupanga uwashaji, nikaficha huduma za Microsoft na kuzima zilizobaki. Nikaiacha imewaka huku nafanya kazi nyingine. Kimya. Hatua hiyo peke yake ilitosha kuokoa bei ya alimantasio.

Halafu nikazirudisha moja moja. Ya taa: kimya. Ya kadi ya grafiki: kimya. Nilipofika kwenye huduma moja yenye jina la kampuni ya ubao mama, kelele zikaanza. Dada akashangaa, "Lakini ile programu niliitoa tangu wakati wa Pasaka, yaya. Ilikuwa inakula megas za intaneti." Ni kweli aliitoa. Dirisha na picha yake viliondoka, huduma ikabaki chini, ikaendelea kusoma vihisi na kuendesha feni kwa mipangilio ya zamani, bila mtu kuiona. Programu nyingi kubwa za namna hii zina chombo maalum cha kuzifuta ambacho kampuni inakitoa peke yake, na bila hicho huduma haziondoki. Angalia pia BIOS. Kwenye ubao mama wa makampuni kadhaa kuna mpangilio unaoifanya Windows ikuulize tena usakinishe programu hiyo kila unapounganisha intaneti. Uzime. Kwa anayenunua megas kwa siku, kitu cha gigabaiti nzima kinachojileta chenyewe ni wizi wa polepole.

Feni nilizirudisha mikononi mwa BIOS, na hapo ndipo ninapoziweka za kila mteja asiye na sababu maalum. Chipu ileile ya ubao mama inaweza kuendesha feni yenyewe kwa kufuata jedwali la joto, hata Windows ikiwa imeganda, hata wakati wa kusakinisha mfumo. Niliiweka asilimia 35 hadi nyuzi 50, ikapanda hadi 65 kwenye nyuzi 70, na kamili kwenye 85. Nikaongeza na ucheleweshaji wa sekunde chache kabla ya kupanda, mpangilio ambao BIOS nyingi zinao, ili kazi fupi ya prosesa isiamshe nyumba nzima. Namba hizo ni za hapa kwetu. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Jedwali la feni ulilolikuta kwa mtu wa Ulaya mwenye chumba cha nyuzi 20 halitakutosha mwezi wa kumi.

Wengine wanaogopa kuiachia BIOS, wanasema programu ikiondoka prosesa itaungua. Haitaungua. Prosesa ya leo inajilinda yenyewe: nyingi za Intel za mezani zikifika nyuzi 100 zinapunguza mwendo zenyewe, na zikizidi sana zinajizima, bila kuuliza programu yoyote. Taa zake tulichagua rangi moja, tukaihifadhi ndani ya vifaa vilivyoruhusu, programu ya taa ikaondoka. Programu ya kuangalia joto imebaki moja, na haianzi yenyewe. Anaifungua akiwa anatoa video ndefu, anaifunga akimaliza. Harusi zote mbili zilitoka Ijumaa usiku.

Kwa wenye laptopu mambo ni tofauti kidogo. Huko anayeshika feni ni kidhibiti kimoja ambacho mara nyingi kinashika pia kibodi, betri na mfuniko wa skrini, na Windows inazungumza nacho kupitia milango 0x62 na 0x66. Programu ya vihisi ikikisumbua mara kwa mara, dalili hazifanani na za feni kabisa: herufi zinajirudia au zinachelewa unapoandika, asilimia ya betri inaruka kutoka 80 hadi betri kutoonekana kisha inarudi, kitufe cha mwanga kinakwama. Nimeona watu wakinunua betri kwa sababu hiyo. Kabla ya kununua, fungua mipangilio ya programu yako ya vihisi, zima usomaji wa kidhibiti hicho, HWiNFO ina sehemu yake kwa kazi hiyo, kisha fanya «Redémarrer» (kuanzisha upya), usifanye kuzima na kuwasha. Itumie siku nzima hivyo. Betri ikiacha kuruka, pesa zako zibaki mfukoni.